Tusi Lililokosa Jibu

Katika soko la Kamalondo, mjini Lubumbashi, meza ya Adolphine na meza ya Katungu zilitazamana kama majogoo wawili waliofungwa kwa kamba fupi. Wenye meza hawakusalimiana. Lakini hakuna asubuhi iliyopita bila wao kusemezana, na wateja wa siku nyingi walijua kwamba kabla ya kununua viazi ni lazima kwanza uwangoje wamalizane.

"Mama Mardochée," Adolphine angeanza huku akipanga viazi vyake, vikubwa juu, vidogo chini. "Kumbe umeamka. Nilifikiri bwana yako alikurudisha kwenu."

"Anirudishe, abaki na nani? Na weye?" Katungu angejibu bila kuinua macho. "Hata mbwa ya jirani inakukimbia, Mama Benita."

Jibu la Katungu halikuchelewa kamwe. Lilitoka moto, kama andazi kwenye mafuta, na mara nyingi lilikuwa tamu kuliko tusi lenyewe. Watu walicheka. Wao wawili hawakucheka. Uadui wao haukuwa mchezo: walikuwa wakinunua kwa mkulima mmoja, huko juu kwenye uwanda wa Biano, na kila mmoja aliapa kwamba mwenzake ndiye aliyemfuata kwa siri na kumharibia jina kwa mkulima huyo.

Adolphine alizaliwa papo hapo Kamalondo, katika nyumba ya matofali nyuma ya baa, kwa wazazi waliotoka Kasai zamani za kazi ya reli. Aliwahi kufundisha shule ya msingi. Aliiacha chaki kwa sababu mshahara ulikuwa kama mvua ya Agosti: unasikia habari zake, huuoni. Mpaka leo anamwita mtu mzima kwa kidole, kama anayemwita mtoto mbele ya ubao, na watu hawampendi kwa hilo. Hawampendi pia kwa jambo jingine, ambalo hulisema akishapita.

Jambo hilo ni Franck. Franck alikuwa mdogo wake, kijana wa kubeba makala, yaani makaa ya kupikia, kwa baiskeli kutoka porini hadi mjini. Alfajiri moja ya Julai, akiwa ameloa jasho kwa kusukuma mzigo mlimani, alikaa kando ya barabara apumzike. Wenzake walimpa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, apate joto. Akanywa. Akaanza kusema ovyo, ulimi mzito, nao wakadhani amelewa, wakamwacha alale. Waliporudi alikuwa amekufa kwenye umande, kifua wazi, shati lake limekunjwa vizuri kando yake.

Shati lile ndilo lililowatia watu maneno. Nani anavua shati kwenye baridi na kulikunja, kama si mtu aliyeitwa? Muuguzi wa chumba cha maiti alimweleza mama yao kwa upole: mwili ukishindwa na baridi, akili hudanganyika, mtu husikia joto na kuvua nguo, na pombe humpa mtu joto la uongo kwenye ngozi huku ikimwibia lile la ndani. Mama alisikia. Mtaa haukusikia. Mwaka uleule biashara ya Adolphine ilikuwa imeanza kushika, na mtaa ukafanya hesabu yake: amemuuza mdogo wake kwa uchawi, apate mali. Tangu siku hiyo, mtu akiugua karibu na Adolphine, watu humtazama yeye kwanza, mgonjwa baadaye.

*

Julai ya mwaka huu walikutana Biano, kila mmoja na magunia yake, wakingoja lori moja. Dereva Ézéchiel hakuwa na lori jingine, na barabara haikuwa na dereva mwingine siku hiyo.

Katika malori ya Biano kuna desturi moja isiyoandikwa: ambaye magunia yake yamepakiwa kwanza ndiye anayekaa nyuma ya kabini. Ni mahali pa kifalme. Kabini inakata upepo, na bati lake linabaki na uvuguvugu wa injini. Wengine hukaa nyuma, juu ya mzigo, ambako upepo wa uwanda unapita bila kuomba njia. Uwanda ule ni mrefu na mtupu, majani ya kahawia hadi macho yachoke, na mwezi wa Julai hata mchana jua lake ni la kuangalia tu.

Adolphine alikuwa amewaamsha wapakiaji kabla ya kuku. Magunia yake yalitangulia. Alipanda na kukaa mgongo kwenye bati, kofia ya sufu kichwani, koti la mitumba juu ya sweta, blanketi magotini.

Katungu alipanda akiwa na blauzi ya mikono mifupi na kikwembe, kitenge cha kujifunga kiunoni, basi. Hiyo nayo ilikuwa desturi, lakini yake mwenyewe. Yeye alikuwa Munande, mtu wa Lubero, milima ya Kivu ya Kaskazini, ambako ukungu huingia jikoni kama mwenye nyumba. Kila Julai, watu wa Lubumbashi wanapokaa wamejikunyata juu ya mbabula, yale majiko yao ya makala, Katungu hukaa mikono wazi na kuwacheka. Baridi ilikuwa ardhi yake. Kuvaa koti mbele ya watu wa Katanga kungekuwa kama kuwaachia shamba la urithi.

"Bakia na ile kiti yako ya bazee," alimwambia Adolphine. "Miye siko karatasi, upepo haitanipeperusha."

"Kaa hapo mwishoni," Adolphine akajibu. "Angalau hatutakunusa."

Kati yao alikaa abiria wa tatu, Casimir, fundi cherehani wa Kamalondo, mwanamume wa maombi ya kufunga na mikesha, aliyekuwa akirudi kutoka mazishini. Alivuta kola ya koti lake na kusema, "Bamama, tuna safari ndefu. Muanze polepole."

Njiani, maji ya rejeta yalikwisha. Ézéchiel alisimamisha lori karibu na kijito kilichopita chini ya daraja la magogo. Katungu alikuwa wa kwanza kushuka na bidoni, lile dumu la maji, ili kila mtu aone kwamba maji ya Biano hayamtishi. Jiwe lilikuwa na utelezi. Alianguka kifudifudi, akazama mpaka mabegani, akaibuka akitema maji, kilemba kikielea mbele yake kama bata.

Walicheka wote. Adolphine ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi, mpaka akashika ubavu.

Katika kapu lake alikuwa na kikwembe kikavu na sweta ya akiba. Alikitoa kile kikwembe, akakikunjua juu ya lori kama mfanyabiashara anayeonyesha kitambaa kipya.

"Mama Mardochée. Sema tu 'tafadhali, Mama Benita', na iko yako."

Katungu alikuwa akikamua upindo wa nguo zake. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

"Bora nivae gunia," akasema. "Ile nguo yako inanuka bahati mbaya. Inanuka bale uliwazika."

Kicheko kilikatika. Adolphine alikunja kikwembe taratibu na kukirudisha kapuni. Casimir alitazama pembeni. Ézéchiel alifunga rejeta, akapiga honi, na Katungu akapanda na nguo zake zilizoshikamana na mwili, akakaa palepale mwishoni, kifua mbele, akiupokea upepo usoni kama anayeupa mkono.

Hakuna aliyesema neno kuhusu zile nguo. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Ya Adolphine ilikuwa hasira, na ilimtosha.

*

Lori lilikwenda. Jua liliinama. Kwa muda matusi yalirudi mahali pake, kwa sababu safari ni ndefu na mdomo haupendi kukaa bure.

"Casimir," Adolphine aliita, "unaona ile nyama ya friji kule nyuma? Inakwenda kuuzwa Kamalondo."

"Haitauzwa mbele ya ile nyama imeoza kwa kiti ya mbele," Katungu akajibu. Meno yake yalikuwa yakigongana, na maneno yalitoka vipande vipande, lakini yalitoka.

Alikuwa akitetemeka waziwazi, mabega na magoti. Casimir alimwonyesha koti lake, naye akatikisa kichwa. Baadaye mtetemeko ukakoma. Casimir akaridhika. "Voilà," akasema, "amezoea. Njo bantu ya milima, hao."

Adolphine alikuwa na tusi moja aliloliweka akiba tangu mwezi wa tano. Lilimhusu Mumbere, mume wa Katungu, na mwanamke mmoja wa Kasungami mwenye shamba la mchicha. Lilikuwa tusi la kumaliza mtu. Alilingoja lipate wasikilizaji wake, na sasa akaona siku imefika.

Alilitupa.

Upepo ulipita. Magurudumu yalipiga shimo. Katungu hakujibu.

Adolphine akangoja. Alikuwa akilijua jibu la Katungu kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake: linavyofunguka, linavyolia. Akarudia tusi, kwa sauti kubwa zaidi. Kitambo kikapita, kisha sauti nzito ikatoka kule mwishoni, ulimi ukiburuta kama mguu uliovunjika.

"Nyama... ya mbele... imeoza."

Lilikuwa jibu la zamani, la tusi ambalo tayari lilikuwa limejibiwa.

Adolphine aligeuka mzima mzima. Katungu alikuwa amekaa, macho yakitazama mahali pasipo na kitu, na vidole vyake vilikuwa vikihangaika na vifungo vya blauzi. Kimoja kilikuwa kimeshafunguka. Vidole havikumtii, vilikuwa kama vya mtoto anayejifunza.

"Moto," akasema. "Minasikia moto."

Casimir alicheka kidogo, kisha akaacha. "Amekunywa?"

"Hajanywa," Adolphine akasema.

"Basi ni roho. Anavua nguo mbele ya wanaume, Mama Benita. Hii ni roho chafu. Tumuombee."

Adolphine hakuwa akimsikiliza. Aliona shati limekunjwa kwenye umande. Aliona pia, wazi kama maandishi ubaoni, kile kitakachosemwa Kamalondo: walipanda lori moja, walitukanana njia nzima, mmoja akashuka mzima na mwingine akashushwa. Kwa Franck walinong'ona tu. Safari hii hawatanong'ona. Watakuja na petroli na kiberiti. Na binti yake Benita ataondoka vipi chuoni, apite wapi, ajiite mtoto wa nani?

Alipiga paa la kabini kwa ngumi zote mbili mpaka lori likasimama.

*

Ézéchiel alishuka akiwa amekasirika. Aliposhika mkono wa Katungu, hasira ikamtoka. Akarudi mbio kwenye kabini na chupa ya lutuku.

"Tumupe hii. Itamuamsha."

Adolphine aliipiga chupa ile kwa kiganja. Ikaanguka barabarani, na harufu yake ikapanda.

"Unafanya nini?" Ézéchiel akafoka.

"Hakuna pombe. Itamuua."

"Itamuua, ao itamuponya?" Casimir akauliza kutoka juu ya magunia. Sauti yake ilikuwa ya utulivu, na ndiyo maana iliuma. "Mama Benita, bote tunajua vile muko. Huyu akifa, nani anabakia na yule mukulima wa Biano? Unakataa maombi, unakataa dawa. Miye nitashuhudia. Nitasema vile niliona."

"Sema," Adolphine akasema. "Lakini kwanza vua koti yako, ulete hapa. Na weye, Ézéchiel, funga mdomo, utoe turubai."

Aliwaita kwa kidole. Nao, kwa chuki kabisa, wakaja.

Walimshusha Katungu polepole, kwa sababu Adolphine aliwakataza kumvuta au kumtembeza. "Mubebeni kama yai. Kama yai, nimesema." Upande wa lori usio na upepo walitandika magunia matupu, mengi, moja juu ya jingine, maana ardhi ya Biano humnyonya mtu joto kupitia mgongoni. Ézéchiel alikuwa na mbabula yake ya safari, akataka kuiwasha na kuisukuma chini ya turubai pamoja na mgonjwa, pawe kama chumba.

"Iwashe kule nje," Adolphine akasema. "Chemsha maji, weka sukari. Ukiingiza makala ndani ya turubai utatuua wawili kwa moshi usioonekana. Hujasikia wale wanaofunga milango na mbabula, asubuhi wanatolewa na majirani?"

Ézéchiel alisikia. Kila mtu Lubumbashi amesikia. Akaibeba mbabula nje, akinung'unika kwamba amepata mke bila kulipa mahari.

"Sasa mugeuke. Mutazame upande wa Kolwezi, ao mahali popote."

Alimvua Katungu nguo zote zilizolowa. Hazikutaka kutoka; zilimshikilia kama ngozi ya pili. Ngozi ya kwanza, chini yake, ilikuwa na rangi ya majivu na baridi ya mpiodi, yule samaki anayekuja kwa katoni kutoka vyumba vya barafu. Adolphine alimpangusa kwa kugusa tu, bila kumsugua. Akamzungushia sweta kavu miguuni, kikwembe kiunoni, na kofia yake mwenyewe ya sufu kichwani mpaka kwenye nyusi. Kisha akavua koti lake, akavua sweta, akavua blauzi, na upepo ukamkata mara moja kama deni lililofika siku yake. Akaingia chini ya blanketi na koti la Casimir na turubai, akamkumbatia adui yake kifua kwa kifua.

Alikaribia kupiga kelele. Ilikuwa kama kukumbatia ukuta wa kisima.

Katungu alijaribu kumsukuma. Mkono haukuwa na nguvu hata ya kufukuza nzi.

"Usi... niguse. Mulozi."

"Nyamaza," Adolphine akasema. Kisha akakumbuka. "Hapana. Usinyamaze. Nitukane."

Kichwa cha Katungu kiliangukia begani mwa Adolphine.

"Mama Mardochée. Nimesema nitukane. Nimekwambia bwana yako anapeleka mbolea Kasungami, weye unakaa kimya? Njo Munande gani, wewe?"

"Mdomo... yako..."

"Mdomo wangu nini?"

"...kama... choo."

"Choo ya nani? Endelea. Ni maneno ya mtoto hayo. Casimir, unamsikia? Anatukana kama mtoto wa darasa la kwanza."

Casimir, mgongo kwao, alikuwa akiomba kwa sauti ya chini. Aliomba Mungu amlinde Katungu dhidi ya mikono ya waovu, na alihakikisha kwamba maneno hayo yanasikika chini ya turubai. Adolphine aliyasikia. Aliyaweka mahali pamoja na mengine.

Ilichukua muda. Adolphine alihisi joto lake likimtoka na kuingia kwa mwanamke ambaye, kama angekuwa na nguvu, angemwuma. Harufu ya nywele za Katungu ilikuwa ya moshi na mafuta ya mawese. Moyo wake ulikuwa ukipiga polepole, pigo moja mbali na jingine, kama mtu anayebisha mlango akiwa hana hakika ya nyumba. Adolphine alijikuta akiuhesabu, na akachukia kuuhesabu, na hakuacha.

Halafu Katungu akaanza kutetemeka tena. Kwanza taya, baadaye mwili wote, kwa nguvu, mpaka magunia yakasikika.

"Anakufa," Ézéchiel akasema, maana alikuwa amegeuka bila ruhusa.

"Anarudi," Adolphine akasema. "Mwili unatafuta moto wake. Alipoacha kutetemeka, njo hapo alikuwa anakwenda. Leta ile maji."

Hakumpa mpaka alipomwona ameweza kushika kikombe na kumeza mate yake. Maji ya sukari, vuguvugu, funda moja moja. Katungu alikunywa akiwa ameufumbia macho uso uliokuwa karibu sana na wake.

"Sukari kidogo," akasema. "Hata sukari unaiba."

Adolphine alivuta pumzi ndefu. Hakusema asante kwa Mungu, kwa sababu Casimir angedhani ni kwa maombi yake.

*

Waliingia Likasi jioni, wanawake wawili ndani ya kabini wamefungwa blanketi moja, hakuna anayemtazama mwenzake. Casimir alikaa juu nyuma ya kabini, bila koti, akilaani.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Estelle alimpima Katungu, akamfunika, akauliza swali ambalo hospitali zote za huku huuliza: "Nani yuko na mgonjwa?" Maana mgonjwa asiye na mtu wa kukaa naye hana wa kumletea maji, hana wa kumpikia uji, hana wa kumwita muuguzi.

"Weye ni ndugu yake?"

"Hapana," Adolphine akasema.

"Rafiki?"

"Ni adui yangu," Katungu akasema kutoka kitandani.

Estelle aliwatazama wote wawili. Alikuwa na wagonjwa wengine. "Basi adui akae," akasema, akaondoka.

Ézéchiel hakuweza kungoja, viazi havingoji. Lori liliondoka na magunia ya Adolphine, na Casimir juu yake, simu sikioni. Adolphine aliona midomo yake ikisogea hadi lori likakata kona. Angeweza kupanda. Alijua vizuri kwamba akipanda, na usiku ukamchukua Katungu, basi amekimbia. Akikaa, na usiku ukamchukua Katungu, basi amemaliza kazi. Hapakuwa na mlango wa tatu. Akavuta kiti cha plastiki, akakigeuza ili amwangalie Katungu kifua kikipanda na kushuka bila kulazimika kumwangalia uso, akakaa.

Alimlisha uji. Katungu alisema ni mzito. Akaongeza maji. Katungu akasema sasa ni mwepesi.

Asubuhi Mumbere alifika kutoka Lubumbashi na pikapu ya duka lake. Alikuwa mwanamume mnene, mpole kwa kawaida, lakini njia nzima alikuwa amesafiri na maneno ya Casimir, na maneno yale yalikuwa yameiva. Hakumsalimu mtu. Alisimama mlangoni mwa wodi, mbele ya wagonjwa na watu wao, akamnyooshea Adolphine mkono.

"Huyu," akasema. "Alimuvua bibi yangu nguo barabarani. Akamulalia. Alimukataza dawa, akamukataza maombi. Mudogo wake alikufa hivyohivyo, nguo imevuliwa. Munajua huyu ni nani? Muulize Kamalondo. Leo atasema mbele ya bantu kitu alimufanyia."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto alivuta kanga yake na kusogea mbali. Adolphine alisimama. Alikuwa na maneno mengi, ya kufundishia hata darasa zima, kuhusu baridi na pombe na ngozi, na aliona wazi kwamba hakuna hata moja litakalosikika, kwa sababu linatoka kinywani mwake. Neno moja tu lingesikika pale ndani, na mwenye neno hilo alikuwa kitandani.

Katungu alikuwa amekaa, kofia ya sufu bado kichwani. Alimtazama Adolphine. Alimtazama kwa raha, bila haraka, kama mtu aliyeshika kuku kwa miguu na hajaamua kama ni wa leo au wa Jumapili. Angesema tu "ndiyo". Mkulima wa Biano angekuwa wake, soko lingekuwa lake, meza iliyo mbele ingebaki tupu.

Adolphine hakuomba. Angekufa kabla ya kuomba.

"Mumbere," Katungu akasema mwishowe. "Acha kunipigia kelele kichwani. Niliteleza miye mwenyewe. Nguo kavu alinionyesha, nikakataa miye mwenyewe. Ile lutuku ningekunywa, ungekuja na sanduku." Akatulia apate pumzi, kisha akamgeukia Adolphine mzima mzima, na sauti yake ikapanda ili wodi yote ipate fungu lake. "Na huyu atamuloga nani? Muangalie. Hana hata kichwa ya kuloga kuku. Kuloga kunataka akili, papa."

Mtu mmoja alicheka kwenye kitanda cha mwisho. Mwanamke mwenye mtoto akacheka pia, akifunika mdomo. Mumbere aliushusha mkono wake, akatafuta mahali pa kuuweka.

Adolphine alijua kwamba neno lile litafika Kamalondo kabla yake. Litacheza sokoni kutwa, litaingia baa, litakwenda hadi Kasungami: hana kichwa ya kuloga kuku. Watu watalishika kwa sababu linachekesha, na kwa kulishika watalazimika kuliachia lile jingine, la Franck. Hakuna mchungaji wala hakimu ambaye angeweza kumfanyia hivyo. Na ilimbidi alipokee kutoka kwa mkono ule, mbele za watu, likiwa limefungwa ndani ya matusi.

Aliona kwamba Katungu anajua hayo yote. Ndiyo sababu alikuwa akitabasamu.

Adolphine aliokota kapu lake. Hakudai kofia. Alimpita Mumbere, naye Mumbere akampisha. Ile asante iliyostahili kusemwa haikutoka upande wowote. Nje, jua la Likasi lilikuwa limeanza kuwa na maana. Alisimama kando ya barabara kuu, mgongo kwenye joto, mkono umeinuliwa kwa gari lolote linaloelekea Lubumbashi, na hasira yake ilikuwa nzima, haijapungua hata kidogo.